Muziro wa Ma Kemilembe

Jirani yangu hapa Dodoma ametoka Musoma, na Jumamosi moja mdogo wake alimletea samaki, kamongo aliyekaushwa kwa moshi. Akambandika uani tangu asubuhi. Harufu ile ilivuka ukuta, ikapita kwenye kamba yangu ya nguo, ikaingia jikoni kwangu bila hodi. Wanangu waliziba pua wakicheka. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nikauweka ungo chini, nikakaa juu ya ndoo, na machozi yakanitoka mbele ya watoto, jambo ambalo sina desturi nalo. Mkubwa akauliza, "Mama, ni moshi?" Nikamwambia ni moshi.

Wenzangu wa rika langu mliokulia kwetu Kagera, mliokimbizwa na mizinga mkiwa hamjaanza shule na mkazika baba wadogo na shangazi kabla ya kumaliza darasa la saba, mnajua kwamba mambo hayo mawili, vita na ule ugonjwa, tumejifunza kuyasimulia. Tunayasimulia vizuri tu, hata kwa wageni. Lipo la tatu ambalo huwa tunalipita kimya, na mimi nimelipita kimya miaka yote hii kwa sababu ndani yake nina kosa langu.

Tulikuwa tunaishi Maruku, baba akifanya kazi ya kutunza miche ya kahawa. Nyumba yetu ilikuwa na bati na sakafu ya saruji, kwa hiyo nilijihesabu mtoto wa mjini. Mizinga ilipoanza kusikika kutoka upande wa mto Kagera, mama aliniambia ni radi. Nikaamini siku mbili nzima ingawa jua lilikuwa linawaka. Siku ya tatu baba alitupakia, mama na mimi na godoro, kwenye lori lililokuwa likielekea kusini, yeye akabaki. Tulishushwa Muleba, tukaanza kupanda kwa miguu hadi Buganguzi, mama amenibeba mgongoni na godoro kichwani, mpaka tukafika kwenye kibanja cha babu mzaa baba. Nilikuwa sijawahi kukiona.

Kilikuwa kibanja cha kawaida cha kwetu: migomba minene, mibuni chini yake, nyumba katikati, na nyuma ya nyumba makaburi ya ukoo chini ya migomba ileile inayotulisha. Babu na bibi walikwisha kulala hapo. Aliyetupokea alikuwa mwanamke mzee, mrefu, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyelima maisha yake yote. Alimtua mama lile godoro, akanitua na mimi, akaninusa kichwani, akasema, "Huyu ni wa kwetu kabisa." Kibanda chake kilikuwa mwisho wa shamba, pale migomba inapokoma na rweya inaanza, ile mbuga ya nyasi isiyo ya mtu ambako ng'ombe wa kila mmoja hupita. Huyo ndiye Ma Kemilembe.

Nilimpenda mara moja, na nilimpenda kwa kujikweza. Acha nieleze. Walipokuja wageni, kama desturi yetu, kilipitishwa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akamwani, na kila mtu aliingiza vidole akachukua punje zake. Kikapu kilipomfikia Ma Kemilembe, yeye hakuingiza mkono. Aliinama kidogo, akakinga viganja viwili, na aliyebeba kikapu akamdondoshea punje mbili. Kila mara, bila mtu kusema neno. Mimi nikaona kwamba wengine wote wanajichotea kama watu wa hivi hivi, ila yeye anahudumiwa. Nikawa nakaa ubavuni mwake wageni wakija, ili heshima hiyo initonee na mimi.

Halafu kulikuwa na habari ya mama yake. Tulikuwa tunamenya ndizi nyuma ya kibanda, yeye akimenya tatu mimi nikihangaika na moja, na nikamuuliza mama yake aliishi wapi.

"Kwa Mukama," alisema, yaani kwa mfalme.

"Ikulu kabisa? Ndani?"

"Ndani. Alikuwa anatandika nyasi sakafuni. Mukama akiamka anakanyaga nyasi alizotandika yeye."

"Alikujaje kwetu?"

"Babu wa baba yako alipigana vizuri. Mukama akampa kibanja hiki, akampa na mama yangu."

"Kama zawadi?"

Alimaliza kumenya ndizi yake kwanza. "Kama zawadi, bojo, mwanangu."

"Na kwao hasa ni wapi?"

"Hakupajua. Alibebwa akiwa mdogo kuliko wewe."

Na mimi si nilikuwa nimebebwa kutoka Maruku? Nikaona ni safari kama yangu, ya lori na mgongo wa mama. Nikajijengea picha ya binti wa kifalme anayekabidhiwa kwa shujaa, watu wakipiga vigelegele. Neno muzana nililisikia likinong'onwa na wanawake kisimani, "yule muzana wenu", na nikalichukua kuwa cheo. Hakuna aliyenisahihisha, kwa sababu hakuna aliyejua kilichokuwa kichwani mwangu. Nilikuwa mtu mzima, nimekaa darasani chuoni mwalimu akitufundisha habari za misafara ya watumwa wa pwani, ndipo nilipoelewa kwamba muzana ni mtumwa, kwamba sisi pia tulikuwa nao, bila msafara na bila minyororo, na kwamba mmoja alinifundisha kumenya ndizi.

Vita viliisha. Nyumba yetu ya Maruku ilikuwa imeshapewa watu wengine, baba akaona afadhali tubaki Buganguzi, yeye aje kila mwisho wa mwezi kwa baiskeli na mikate. Nikaanza shule. Kwa muda wa miaka mitatu hivi naweza kusema tuliishi vizuri, tukila senene msimu wao na kusahau radi ya mama.

Kisha akarudi Deo, mdogo wake baba, kitinda mimba wa nyumba ile. Baada ya vita Deo alikuwa akivuka mpaka kufuata vitambaa, na alipokuwa akija zamani aliniletea biskuti na kumtania mama kwamba amenona. Safari hii alishushwa kwenye baiskeli ya mtu. Suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba. Alitaka kunitania, mdomo ukamuuma, akaacha. Mama alisimama mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu, na nikaona kwamba anaogopa kumsogelea shemeji yake.

Siku hizo hata jina la ugonjwa lilikuwa la kuazima. Walisema Juliana, jina la kitambaa kilekile walichokuwa wakikifuata akina Deo ng'ambo. Wengine walisema amelogwa na mtu wa biashara. Wengine walisema, na hili ndilo lililokuwa baya zaidi, kwamba ameivunja mila ya ukoo na wazee walio chini wamemwacha mkono. Kila familia iliyokuwa na mgonjwa ilikuwa inachunguzwa namna hiyo, watu wakitafuta kosa lake kama mtu anavyotafuta sindano iliyoanguka.

Simlaumu mama. Alikuwa na mimi na alikuwa na mimba, na hakuna aliyejua ugonjwa unapita wapi. Deo alitengewa chumba, mkeka, na bakuli la bati la rangi ya bluu lenye ukingo mweusi. Mimi nilikatazwa kuligusa bakuli hilo, kuoshea karibu nalo, hata kulitazama sana. Ma Kemilembe alilichukua bakuli, akalifungia kwenye pindo la kanga yake kama kitu cha kawaida, akasema, "Nitamlisha mimi. Nilimlisha alipokuwa hana meno." Na kweli, alikuwa amemlea yeye na baba yangu wote wawili, tangu bibi alipofariki.

Alimlisha, akamwogesha, akamgeuza, akafua. Alisukuma migomba iliyoanguka na mvua ili Deo aone nje kutoka mkekani. Majirani waliokuja walisimama uani na kuuliza hali kwa mbali. Deo alikuwa na vidonda mdomoni na kooni. Ndizi haikupita, uji ulirudi. Nilikuwa nasikia akilia kwa njaa, mwanamume mzima, na Ma Kemilembe akimbembeleza kwa wimbo wa mtoto.

Hapa ni lazima niseme kuhusu muziro. Kila ukoo kwetu una mnyama wake ambaye haliwi, na wa kwetu ni kamongo. Tulikatazwa tangu tukinyonya. Asiye na muziro hana ukoo, na anayeula muziro wake amejitoa mwenyewe katika watu wake. Wachuuzi waliopandisha samaki kutoka visiwani walijua nyumba zetu. Walipokuwa na kamongo walipita upande wa pili wa njia.

Mchana mmoja nikitoka shule nilikata njia kupitia rweyani, nikatokea nyuma ya kibanda cha Ma Kemilembe. Harufu ikanikuta kabla sijaona kitu. Nzito, ya mafuta na moshi, ikaniingia hadi tumboni, kwa sababu nilikuwa na njaa na ilikuwa harufu nzuri. Nani alisema muziro unanuka vibaya? Ma Kemilembe alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga. Kwenye chungu kulikuwa na vipande vyeusi vinene ambavyo nilivijua kwa kuviona sokoni. Mkononi alikuwa ameshika bakuli la bluu lililojaa mchuzi, anaupuliza upoe.

"Ma! Unakula kamongo!"

Aligeuka haraka mpaka mchuzi ukamwagika kidogo kwenye vidole. Alinitazama, akatazama njia niliyotokea kama kuna mwingine nyuma yangu. Kisha uso wake ukatulia.

"Ndiyo," alisema. "Ni wa kwangu. Mimi sina muziro."

"Huna kabisa?"

"Kabisa."

"Unaweza kula kitu chochote?"

"Chochote."

Nikaona dunia yote imefunguliwa kwa ajili yake. Nikanyoosha mkono kuelekea kwenye chungu. Akanichapa kiganja, kwa nguvu, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu. "Wewe unao," alisema. "Wewe ni wa babu yako. Usithubutu." Kisha akakipuliza kiganja kilekile alichokichapa, akaniambia, "Usimwambie mtu, mwanangu." Nikaondoka nikinung'unika. Nilijua sasa kwamba watu wa ikulu hawakatazwi chakula kama sisi.

Deo alikufa wakati wa kupalilia maharage. Ma Kemilembe ndiye aliyemwosha. Wanaume wa ukoo walisubiri nje hadi alipomaliza kumfunga. Wakamlaza kati ya babu na bibi, Mwinjilisti akasali, na baadaye baba akaweka msalaba wa saruji. Ma Kemilembe hakukaa na wafiwa kwenye majani makavu ya migomba. Alikaa ukingoni, akikinga viganja kikapu kilipopita.

Haukupita mwaka naye akalala. Wa kwake ulikuwa uzee tu, na kuchoka. Baba alikuja katikati ya mwezi, bila mikate, akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda chake. Mimi nilikuwa naruhusiwa kuwepo kwa sababu nilikuwa nampikichia mgongo.

"Pale kwa Deo pana nafasi," alimwambia baba. "Upande wa miguu. Nilimfunga mwenyewe, najua urefu wake."

"Usiseme hivyo, Ma."

"Nasema. Usinipeleke rweyani. Mama yangu yuko rweyani na sijui ni wapi. Ng'ombe wanapita."

"Hutakwenda rweyani," baba alisema. "Naapa." Na baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akimgusa mtu mzima yeyote, alimshika mkono akauweka kwenye paji la uso wake mwenyewe.

Alifariki siku mbili baadaye, asubuhi, mama akimnywesha maji. Wazee wa ukoo wakakusanyika mbele ya nyumba. Mkuu wao alikuwa Ta Muganyizi, binamu wa marehemu babu, mzee wa koti la kijivu aliyekuwa akisikiliza kwa kufumba jicho moja. Mimi nilipewa kikapu cha kahawa nizungushe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa katikati yao, mtoto wa miaka tisa, na ndivyo nilivyosikia kila neno.

"Marehemu alikuwa mtu mwema," Ta Muganyizi alianza. "Hakuna wa kubisha. Lakini alikuwa muzana, mtoto wa muzana. Hana ukoo. Tukimlaza kati ya baba zetu, kesho wajukuu watakuja kusema ni bibi yao."

"Ni bibi yao," baba alisema.

Mwinjilisti akakohoa, akasema ubatizo umetufanya wote kuwa wamoja.

"Kanisani, waitu," Ta Muganyizi alimjibu kwa upole. "Hapa ni kibanjani."

Baba akasimama. Alisema kwamba baba yake, kabla ya kufa, alimwita Ma Kemilembe mbele ya wazee wawili akampa muziro wa ukoo, na kwamba mmoja wa wazee hao alikuwa Ta Muganyizi mwenyewe.

Mzee alifumba jicho moja. "Nilikuwepo," alisema. "Sikatai. Aliyepewa muziro akaushika ni wetu, hata kama alitoka wapi. Hivyo ndivyo tulivyokuta." Akawageukia wengine. "Kuna aliyewahi kumwona akiuvunja?"

Watu wakatazamana. Wakatikisa vichwa. Nilimwona baba akipumua. Nataka mwelewe hivyo kama ninavyoelewa mimi sasa: jambo lilikuwa limekwisha. Ta Muganyizi alikuwa amekwisha kunyoosha vidole kwenye kikapu nilichokishika, na baada ya kahawa ile angesema chimbeni.

Lakini mimi nilikuwa nimesikiliza kwa akili yangu. Nilidhani wanapimana kama Ma Kemilembe alikuwa mkubwa wa kutosha kulazwa na babu. Na walikuwa wanakosea! Walikuwa wanamshusha, wanamfanya mtu wa makatazo kama sisi. Nikaona nisaidie. Nilimsaidia kwa sauti niliyofundishwa kusomea ubao.

"Ta, Ma Kemilembe hakuwa na muziro. Alikuwa anakula kamongo. Nilimwona akila. Mimi alininyima, akasema mimi ninao ila yeye hana."

Vidole vya mzee vikatoka kwenye kikapu vitupu. Kwenye mlango wa nyumba, kati ya wanawake, mama yangu alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Nilidhani anashangaa kwa furaha.

"Mtoto," Ta Muganyizi aliniuliza, "ulimwona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Mtoto hana sababu ya kudanganya," aliwaambia wengine, na nadhani aliumia kusema hivyo. Baba alikaa chini taratibu. Alinitazama mimi, siyo kwa hasira. Kama angekuwa na hasira ningeelewa mapema zaidi.

Walimbeba jioni ileile wakampitisha karibu na kibanda chake hadi rweyani. Walichimba vizuri, siwezi kusema hawakuchimba vizuri. Baba alichimba nao. Nilipoona kaburi liko nje, kwenye nyasi, na samadi ya ng'ombe pembeni, nilimvuta mama kanga nikamuuliza kwa nini hawampeleki kwa Deo. Nilianza kulia, na wanawake wakasema angalia mtoto alivyompenda.

Baba hakulitaja jambo hilo mpaka kifo chake. Na mimi nilivyokua na kuelewa, nililijua kosa langu kwa umbo moja tu: nilisema kweli mahali nilipopaswa kunyamaza. Hilo mtu anaweza kuishi nalo. Nimeishi nalo.

Sasa ile Jumamosi, nikiwa nimekaa kwenye ndoo na harufu imenijaa kichwani, niliona tena mkono wake, na kilichokuwa ndani ya mkono. Bakuli la bluu. Miaka yote hiyo nilikumbuka chungu, mafiga, kiganja changu kikiuma, na bakuli lilikuwa limo, lakini sikuwahi kulitazama. Bakuli lile lilikuwa la mgonjwa. Hakuna mtu mwingine katika nyumba ile ambaye angekula ndani yake, hata Ma Kemilembe, ambaye alikuwa na kibuyu chake mwenyewe. Nikampigia mama simu. Ana miaka themanini kasoro na husikia vizuri anapotaka.

"Mama, yule kamongo alikuwa wa nani?"

Kwanza nilimsikia akifunga mlango.

"Wa Deo," alisema. "Alizoea kumla huko ng'ambo walikokuwa hawamjui. Ndicho kitu pekee kilichopita kooni. Yeye Ma Kemilembe hakuwahi kumweka mdomoni. Hata chumvi aliniita mimi nimwonjee, mimi niliyetoka ukoo mwingine."

"Ulijua. Ulikuwa mlangoni."

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Deo alikuwa ameshalala pale," mama alisema. "Ungetaka wamfukue? Walikuwa wanatafuta sababu ya ugonjwa wake, ningewapa. Ma Kemilembe mwenyewe aliniapisha. Alisema, mtoto akisema, aseme ni mimi." Halafu akaanza kulia, na mimi pia, kila mmoja na simu yake sikioni.

Kwa hiyo sikusema kweli. Sikumwona akila. Nilimwona ameshika bakuli, nikasema nilimwona akila, na aliyeuvunja muziro analala chini ya msalaba wa saruji kati ya baba zake, na aliyeushika yuko nje kwenye nyasi. Simwonei Deo wivu wa nafasi yake. Alikuwa na njaa.

Krismasi iliyofuata nilikwenda nyumbani, na ukoo ulipokutana kusafisha makaburi nikaomba kusema. Mkuu wa ukoo sasa ni Ben, mwana wa Ta Muganyizi. Tulisoma darasa moja, ana duka la vifaa vya ujenzi na simu mbili. Nilieleza yote mbele yao, bakuli na mchuzi na chumvi. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, akasema kwa sauti, "Ndivyo ilivyokuwa." Nikaomba mifupa yake iletwe ndani, au angalau udongo.

Ben alikuna shingo. "Dada," alisema, "mambo ya kale hayo. Na rweya yote ni mikaratusi siku hizi, tutampata wapi? Halafu wewe ulikuwa mtoto. Neno la mtoto nani alishike?"

"Nyinyi," nilimwambia. "Mlilishika."

Vijana waliinamisha macho kwenye simu zao. Mmoja, mtoto wa binamu yangu, alimuuliza mwenzake kwa kunong'ona kama ni kweli kwamba sisi tulikuwa na watumwa, na akaambiwa anyamaze. Ben alisema tutalizungumza vizuri zaidi mwakani, kisha akaagiza kahawa.

Kikapu kikaja, kipya, cha ukili wa rangi, kimejaa. Kilinifikia. Sikuchukua punje. Nilikichukua chote, nikainuka nacho, nikapita kati ya migomba na kwenye msingi wa kibanda cha Ma Kemilembe ambao sasa umeota magugu, hadi kwenye mikaratusi. Nyuma nilisikia mtu akiuliza ninakipeleka wapi, na mama akimjibu, "Mwache." Sikujua yuko chini ya mti upi. Nilichagua mahali palipokuwa na nyasi kidogo, nikakiweka kikapu chini, nikakifungua kifuniko, nikakaa kando yake, nisimdondoshee kitu, ajichotee mwenyewe.